Shajara ya mradi: kurudisha shoo za pikapu mbili za Land Rover 109, moja ya wavu na moja ya plastiki

Hali ya kuanzia

Gari zote mbili ni pikapu za inchi 109, kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ya kwanza ni Series IIA, ile ya zamani yenye taa kubwa katikati, ndani ya paneli ya rejeta. Shoo yake ya wavu (shoo ni kile kifuniko cha mbele ya rejeta kinachopitisha hewa) ipo, ila imekatika nyaya kumi na moja, imebonyea chini upande wa kulia, na kutu imekula ukingo kwenye matundu mawili ya skrubu. Ya pili ni Series III, taa zake ziko kwenye madigadi. Hii ilikuja bila shoo. Mahali pake palikuwa na bati la matundu lililofungwa kwa waya wa kufungia nondo.

Tunachotaka ni shoo inayokaa sawa, inayopitisha hewa ya kutosha, na inayofunguka kwa bisibisi bila kuvunja kitu. Hilo la tatu husahaulika sana. Shoo ya Land Rover hizi hufunguliwa mara kwa mara: kusafisha rejeta, kuitoa rejeta yenyewe, kufuatilia nyaya za taa. Ukiichomelea kwenye paneli ili isiibiwe, kila rejeta itakapovuja utaanza kazi kwa grainda.

Wiki ya 1: kujua gari inataka shoo ipi

Kosa ghali kuliko yote ni kwenda kununua "shoo ya Land Rover ya zamani". Kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kilibadilisha uso wa gari hili mara kadhaa, na kwa miaka hamsini mafundi wamehamisha paneli, madigadi na boneti kutoka gari moja hadi jingine mpaka kadi ya gari haikuambii tena kilichoko mbele.

Mfuatano wenyewe ni huu. Series I za mwanzo, mwaka 1948, zilikuwa na taa nyuma ya wavu. Series II ya 1958 na IIA ya 1961 zilikuwa na taa mbili ndani ya paneli ya rejeta, na wavu wa umbo la T iliyopinduliwa: mwembamba juu kati ya taa, mpana chini yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sheria za taa za baadhi ya nchi zilizisukuma taa kwenye madigadi, na IIA za mwisho zikapata wavu wa umbo la msalaba. Series III, kuanzia 1971 hadi 1985, ikaja na shoo ya plastiki. Gari la 110 lililoanza 1983 lina uso mwingine kabisa: sehemu ya mbele imetoka nje hadi usawa wa madigadi, na shoo yake haina pa kushika kwenye Series. Hata hivyo ndiyo inayopatikana kwa wingi madukani, na ndiyo utakayopewa kwanza ukitaja jina la gari bila kusema Series ngapi.

Kwa hiyo tulianza na mahali taa zilipo, halafu tukapima tundu la paneli. Vipimo vilivyoandikwa kwa kila gari: upana juu, katikati na chini, urefu kushoto na kulia, mistari miwili ya pembe kwa pembe, umbali wa kila tundu la skrubu kutoka kitovu hadi kitovu, na nafasi kutoka uso wa paneli hadi mapezi ya rejeta. Kisha tukakata ramani ya boksi gumu kwa kila tundu, tukatoboa matundu ya skrubu kwa msumari, na kuandika "juu" na "mbele". Boksi hilo ndilo linalokwenda sokoni. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu shoo mbili zenye umbo moja zinaweza kutofautiana matundu na kwenye picha usione kitu.

Tulipitisha pia sumaku kila mahali mbele ya gari. Land Rover ina alumini nyingi, lakini si kila bati la mbele ni alumini. Sumaku ikishika, hapo kuna chuma na kutu itafutwe. Isiposhika ni alumini, na shughuli yake ni ya namna nyingine, kama itakavyoonekana kwenye kufunga.

Mistari ya pembe kwa pembe ya IIA ilitofautiana kwa mm 9. Hapo ndipo ratiba ilipobadilika: paneli kwanza, shoo baadaye.

Wiki ya 2: kutafuta

Dar es Salaam pa kuanzia ni Gerezani, kwa spea za kukatwa na kwa mafundi wa chuma. Nairobi ni barabara ya Kirinyaga na mitaa inayoizunguka. Kenya ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Land Rover huko Thika, kwa hiyo upande huo sehemu za Series III huonekana zaidi. Nje ya miji, gari zilizolala hupatikana kwenye yadi za misheni, mashamba ya zamani na minada ya magari chakavu ya taasisi. Usiulize shoo peke yake. Ulizia "paneli ya mbele nzima", kwani mara nyingi shoo nzuri bado imefungwa kwenye paneli iliyotupwa nyuma ya banda, na mwenye mali haihesabu kama spea.

Kwa wavu wa chuma, mambo matatu huamua kama utalipa au utaacha. La kwanza ni viungo: shika nyaya mbili zinazopishana, zisukume kinyume kwa vidole gumba. Kiungo kizima hakichezi. Vikicheza zaidi ya kumi, jua nyaya zimebaki ila wavu umekufa. La pili ni ukingo. Waya wa katikati hubadilishwa kwa dakika kumi, lakini ukingo ulioliwa unamaliza siku. La tatu ni rangi nene. Chini ya tabaka nne za rangi ya mafuta kunaweza kuwa na zinki safi ya kiwandani au kutu tupu, nawe hutajua mpaka ukwaruze. Nenda na kipande cha msasa namba 120, ukwaruze nyuma mahali pasipoonekana. Ikitoka rangi ya majivu yenye kung'aa, zinki ipo. Ikitoka kahawia, teremsha bei.

Kwa plastiki, ikunje kidogo karibu na matundu ya skrubu huku ukisikiliza. Plastiki iliyochoka na jua hulia kama biskuti kabla hata haijapasuka. Uso ukiwa na unga mweupe unaobaki kidoleni, jua limeshakula juu, na gundi haitashika mpaka unga wote uondolewe.

Muuzaji atakwambia, "Fundi, hiyo inaingia, unakata kidogo tu pembeni." Jibu ni moja: "Sawa kaka, acha kwanza niweke boksi langu." Boksi lilikataa shoo tatu kati ya nne tulizoonyeshwa. Moja ilikuwa kopi mpya kabisa, matundu yake ya chini yamepishana na yetu kwa mm 4. Kopi zipo nzuri na zipo mbaya, na boksi halijali kama kitu ni kipya.

Tulichopata: kipande cha wavu wa IIA kilichopondeka upande mmoja lakini chenye nyaya nzima za kukata, na shoo ya plastiki ya Series III yenye nyufa tatu na sikio moja la skrubu lililong'oka. Vyote vinatengenezeka.

Wiki ya 3: paneli ya rejeta ya IIA

Shoo nyingi zinazoitwa mbovu ni paneli zilizopinda. Gari hugongwa bampa, pembe ya chasi inasogea kidogo, na paneli iliyofungwa juu yake inajikunja. Fundi anayefuata anakuta matundu hayaonani, anatoboa mengine. Tulihesabu matundu kumi na manne mahali panapohitaji sita.

Rejeta ilitolewa, taa zikatolewa, bolti za madigadi upande wa paneli zikalegezwa zote. Usizing'oe, legeza tu, maana digadi likibaki limekaza litavuta paneli irudi ilikotoka. Bolti za chini za paneli zinakalia mipira juu ya chasi. Ya kulia ilikuwa imeyeyuka kabisa na kubaki unene wa mm 3 dhidi ya mm 11 ya kushoto, na tofauti hiyo peke yake ilikuwa sehemu kubwa ya mpindo. Mipira mipya ilikatwa kwenye mkanda wa konveya wa mm 10. Tyubu ya gari iliyokunjwa haifai hapo, inabonyea ndani ya miezi.

Baada ya mipira, tofauti ya pembe kwa pembe ilishuka kutoka mm 9 hadi mm 4. Iliyobaki ilivutwa kwa jeki ya chupa na vipande viwili vya mbao, jeki ikisukuma kwenye ule mstari mfupi wa pembe kwa pembe. Chuma hurudi nyuma ukiachia, kwa hiyo ilisukumwa kupita mstari kwa mm 7 ili ikirudi ikae kwenye sifuri. Ilikaa kwenye mm 1. Hapo tuliacha, maana skrubu zinavumilia mm 1.

Sakafu ya paneli, pale matope yanapokaa, ilikatwa upana wa mm 60 na kuwekwa bati la mm 1.2. Tulichomelea kwa pointi zenye umbali wa mm 30, tukirukaruka kutoka mwisho huu hadi ule, halafu nafasi zikajazwa. Ukiunganisha mstari mzima kwa mkupuo, bati linavimba na tundu la shoo linapinda upya. Matundu mawili ya kutolea maji, mm 8, yalitobolewa sehemu ya chini kabisa. Matundu ya skrubu ya zamani yalizibwa yote kwa kuchomelea na kusagwa, hata yaliyokuwa sahihi, kisha sita mapya yakatobolewa kwa kufuata ramani ya boksi.

Wiki ya 4 na ya 5: wavu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Wavu uliwekwa juu ya ubao wa plaiwudi wa mm 18. Kila mstari mzima ulipigiwa msumari wa inchi 1 pande zote mbili ili macho ya wavu yasitembee. Bonyeo liligongwa kwa nyundo ya mbao kutoka pembeni kwenda katikati. Ukianza katikati ya bonyeo unanyoosha nyaya, zinarefuka, na wavu unabaki na tumbo ambalo halitoki tena.

Nyaya mpya lazima ziwe na unene uleule. Pima kwa vernia mahali pasipo na rangi wala kutu, usikisie. Waya geji 10 ni mm 3.25, geji 12 ni mm 2.64, na jicho la mtu linaona tofauti hiyo ukiwa hatua tano kutoka kwenye gari. Tulitumia nyaya kutoka kile kipande cha pili, hivyo unene haukuwa na mjadala.

Waya uliokatika usiungwe katikati ya jicho. Ukate mpaka kwenye makutano, weka kipande kipya kutoka makutano hadi makutano, na miisho ikae juu ya waya unaopita. Hivyo kiungo kinajificha nyuma ya makutano na nguvu inabebwa na waya mzima.

Sasa kuunga. Kiwandani makutano yaliunganishwa kwa umeme wa pointi kabla ya kuzamishwa kwenye zinki. Gereji nyingi hazina mashine hiyo, na fundi hushika rodi ya kawaida ya mm 2.5. Waya wa mm 3 hauna nyama ya kuhimili moto huo: kabla rodi haijashika, waya umekatika na kuacha tone mwishoni. Ukilazimika kutumia umeme, tafuta rodi ya mm 1.6 au mm 2, ampia 40 hadi 50, gusa na uondoke.

Sisi tulitumia gesi na rodi ya fedha. Sababu ni joto. Rodi ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi 600 hadi 700 hivi, wakati zinki huchemka kwenye 907. Rodi ya shaba ya manjano huenda karibu kabisa na 900, kwa hiyo ukiitumia unaanza kuchemsha zinki ya waya wa jirani, na ule moshi mweupe ndio unaotoka. Moshi huo huleta homa ya wachomeleaji: baridi, kichwa na maungo kuuma, jioni au usiku baada ya kazi. Maziwa hayaizuii homa hiyo, ingawa karibu kila gereji inaamini hivyo. Kinachozuia ni kuondoa zinki kwanza, kufanyia kazi nje, kusimama upande upepo unakotoka, na barakoa ya moshi wa chuma, siyo kitambaa.

Hapa rodi ziangaliwe vizuri. Rodi za mafundi friji hufanana na hizi, lakini nyingi ni shaba na fosforasi kwa ajili ya mabomba ya shaba. Kwenye chuma, fosforasi hutengeneza tabaka la kuvunjika. Kiungo kinang'aa vizuri mezani, halafu kwenye barabara ya makorongo kinaachia kimojakimoja. Omba rodi ya fedha ya kuungia chuma, yenye fedha asilimia 40 au zaidi, na unga wake wa kusafishia kiungo.

Zinki iliondolewa mm 25 kila upande wa kiungo kwa tindikali ya chumvi: kipimo kimoja cha tindikali kwa vitatu vya maji. Tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Tulipaka kwa brashi ya plastiki, tukangoja povu likome, kama dakika tano, tukasuuza kwa maji yenye magadi na tena kwa maji matupu. Povu hilo ni gesi ya haidrojeni inayowaka, kwa hiyo hakuna moto wa gesi wala sigara karibu. Asiye na tindikali atumie siki, usiku mzima, matokeo ni yaleyale kwa mwendo wa taratibu.

Jaribio la kwanza liliharibika. Viungo vinane viliungwa kwa kufuatana kutoka kushoto, na misumari ilipotolewa wavu ukainuka mm 6 upande mmoja. Joto lilijikusanya kwenye upande ulioanza, nyaya zikarefuka huku zimebanwa, zikapoa zikiwa fupi. Viungo vilifunguliwa na kurudiwa kwa mpango mwingine: cha katikati, cha kushoto kabisa, cha kulia kabisa, kisha nusu ya kila nafasi iliyobaki, na kungoja kila kimoja kishikike kwa mkono kabla ya kingine. Safari hii wavu ulitoka sawa na ubao.

Ukingo ulioliwa ulikatwa na kuwekewa kipande kipya cha bati la mm 1.5, tundu likatobolewa mm 6.5 kwa skrubu ya mm 5. Uhuru huo si uzembe. Paneli hutikisika na chasi, na shoo isiyo na nafasi ya kucheza hupasuka kwenye skrubu.

Hesabu ya hewa, kwa anayefikiria kuweka wavu mwingine

Chukua umbali kutoka waya hadi waya, kitovu kwa kitovu. Toa unene wa waya, gawa kwa umbali uleule, jibu lizidishe kwa lenyewe. Wavu wa mm 25 wenye waya wa mm 3: 22 kwa 25, mara 22 kwa 25, ni asilimia 77 wazi. Wavu wa mm 12.5 wenye waya huohuo ni asilimia 58. Lile bati lililokuwa kwenye Series III lina matundu ya mm 5, kitovu hadi kitovu mm 8, yamepangwa kwa kupishana: asilimia 35 tu. Rejeta ilikuwa inapumua kwa theluthi ya mlango wake, na fundi aliyelifunga huenda alibaki akisafisha rejeta na kubadili themostati akitafuta joto linatoka wapi.

Tatizo hilohilo lipo kwa wanaofunga chandarua cha mbu nyuma ya shoo kuzuia mbegu za nyasi. Mbegu za nyasi huziba rejeta kweli, hasa gari ikipita kwenye nyasi ndefu baada ya mvua, na kinga inahitajika. Lakini asilimia zinazidishwa, hazijumlishwi: shoo ya 58 na chandarua cha 60 vinabakiza 35, na chandarua huziba kabla ya rejeta. Ukikiweka, kiwe cha kutoka kwa mkono bila spana, na kitolewe jioni ya kila safari ya porini.

Wiki ya 6: zinki na rangi

Lililo bora ni kuzamisha wavu mzima kwenye zinki ya moto. Wapo wanaopeleka pamoja na mzigo wa milango ya chuma. Viungo vya fedha vinavumilia, kwani beseni la zinki liko karibu nyuzi 450. Lakini kabla ya kuzamishwa kitu hupita kwenye tindikali, na wavu wenye mchanganyiko wa zinki ya zamani na chuma kipya hutoka na madoa usipoondolewa zinki yote kwanza. Kwa wavu mmoja tuliamua kutumia rangi ya zinki.

Rangi ya zinki inalinda kwa sababu chembe za zinki zinagusana na chuma kwa umeme na kuliwa kwa niaba yake. Ndiyo maana haipigwi juu ya praima. Chuma kiwe tupu, kimekwaruzwa kwa msasa namba 80, kimefutwa kwa thina, halafu zinki moja kwa moja. Tabaka mbili, karibu mikroni 40 kila moja, saa nne katikati. Kopo likorogwe kila dakika mbili, maana zinki ni nzito na inazama. Unaweza kupiga nusu ya kazi kwa majimaji ya juu yasiyo na zinki bila kujua.

Pale zinki ya kiwandani ilipobaki nzima haikuguswa, ila kwa rangi ya juu inahitaji maandalizi yake. Rangi ya mafuta ya milango ikipigwa moja kwa moja kwenye zinki hubanduka kama ngozi ya nyoka baada ya msimu mmoja au miwili. Mafuta yaliyomo yanageuka sabuni yakikutana na zinki. Tulifuta kwa siki, tukasuuza, tukaacha ikauke, kisha praima ya kung'ata ya magari (yenye tindikali kidogo ya kuishikisha kwenye zinki), tabaka nyembamba. Rangi ya juu ilikuwa ya kijivu, tabaka mbili kutoka nyuma na moja kutoka mbele. Anayeanza mbele hujaza makutano matone.

Wiki ya 7: plastiki ya Series III

Kwanza ijulikane ni plastiki gani, kwa sababu gundi ya moja haishiki nyingine. Kipande kidogo kilichovunjika kilitupwa kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni: kikazama. Polipropilini ingeelea. Kisha tone la asetoni nyuma ya shoo: baada ya sekunde thelathini uso ukanata kidoleni. Hiyo ni tabia ya ABS, aina ya plastiki ngumu, na inatengenezeka kwa ABS yenyewe.

Mahali pa kupata ABS ya kuyeyusha ni vipande vya plastiki za pikipiki vilivyoandikwa alama ya ABS ndani. Tafuta alama, maana nyingine ni polipropilini na zitakaa kwenye asetoni mwezi mzima bila kubadilika. Magamba ya televisheni za zamani yanalainika pia, lakini mengi ni plastiki nyingine, dhaifu zaidi.

Uji wetu: gramu 20 za vipande vidogo, mililita 50 za asetoni, chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma, usiku kucha. Asubuhi ulikuwa kama uji wa kunywa. Kifuniko kikaachwa wazi saa moja nje ya jengo hadi ukawa kama siagi ya karanga. Chupa za soda za plastiki zikae mbali na kazi hii.

Kila ufa ulitobolewa tundu la mm 2.5 kwenye mwisho wake, vinginevyo unaendelea mbele ya kazi yako. Mfereji wa umbo la V ulikatwa kutoka nyuma, theluthi mbili ya unene. Nyuma tulizamisha vipande vya wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kwa pasi ya kulehemu ya wati 60, kila mm 20, kuvuka ufa. Pasi ikivuta moshi mweusi ni moto mno, plastiki inaungua na haitashika. Juu ya hapo uji, tabaka zisizozidi mm 2, saa 24 kila moja. Uji unasinyaa asetoni inapotoka, kwa hiyo tabaka nene hukauka juu na kubaki na mapovu na utandu laini ndani. Tulijaza mara tatu mpaka ukapita uso, kisha msasa 120, 240, 400.

Sikio lililong'oka lilijengwa upya kwa kipande cha ABS cha mm 4 kilichounganishwa kwa uji na kukazwa kwa wavu uleule nyuma yake.

Kwa nini masikio hung'oka? Fundi hukaza skrubu kama ya chuma. ABS hurefuka kwa joto karibu mara saba ya chuma: kipande cha mm 500 kikipanda nyuzi 40, kutoka asubuhi ya baridi hadi jua la saa nane, kinaongezeka mm 1.8, na chuma cha urefu huo mm 0.24. Tofauti ya karibu mm 1.6 inatafuta pa kwenda. Tundu moja la juu, karibu na katikati, ndilo lililoachwa la kipimo; mengine yote yalitanuliwa kwa tupa kuwa marefu kwa mlalo, mm 6 kwa mm 9, na skrubu zikapewa washa pana. Kukaza: mpaka washa iguse, kisha robo mzunguko. Basi.

Rangi ya juu ni ya plastiki za magari, yenye kinga ya jua. Tabaka ziwe nyembamba: thina kali ikilowesha ABS, nyufa ndogo kama nywele hurudi siku hiyohiyo.

Wiki ya 8: kufunga

Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na kwa gari za Tanga, Bagamoyo au Unguja chumvi ya hewani huharakisha. Washa za kutenganisha zilikatwa kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula kwa panchi ya mm 16. Tyubu ya gari haifai hata hapa: mpira mweusi una kaboni, na kaboni inapitisha umeme kidogo. Grisi kidogo kwenye kila uzi wa skrubu.

Jaribio la hewa: injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, karatasi ya daftari inawekwa mbele ya shoo na kuachiwa. Kwenye Series III ilinaswa na kubaki. Kwenye lile bati la zamani ilikuwa inateleza chini. IIA iliinasa pia isipokuwa pembe ya chini kulia. Pale mapezi ya rejeta yalikuwa yamelala kwa kugongwa na lile bonyeo. Yalinyooshwa mstari kwa mstari kwa kisu cha meza kilichofutwa makali.

Baada ya kilomita 200 za barabara ya vumbi skrubu zote zilikaguliwa. Mbili za IIA zililegea nusu mzunguko, zikapewa nati za kujikaza. Masikio ya plastiki hayana alama nyeupe, ambayo ndiyo dalili ya kwanza ya kupasuka.

Kilichobaki ni beji ya IIA, ile ya alumini ya umbo la yai iliyoandikwa Solihull. Itapigwa riveti za alumini za mm 3.2 juu ya kibati cha alumini nyuma ya wavu, na kipande cha dumu kati yake na nyaya.